Gari Mnaliona, Boksi Hamlioni: Ubuyu wa Fundi Aliyefunga Chaja kwa Staa

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Nina ubuyu wa boksi. Ndio, boksi la umeme, lile linalofungwa nje ukutani pembeni ya chaja ya gari. Msikimbie kwanza, mana ndani yake kuna staa, kuna gari mlilolisifia wiki nzima insta, na kuna mzee mmoja ambaye nusura nimuue.

Staa jina kapuni. Siyo yule mnayemfikiria, na hata angekuwa ndiye nisingesema. Nitamwita Bosi, mana ndivyo nilivyozoea kumwita. Jueni tu nyimbo zake mnazicheza kwenye harusi, nyumba yake iko upande wa baharini hapa Dar, na mwaka jana mwezi wa kwanza alishusha gari la umeme kutoka China. Mnalikumbuka. Kila mtu alikuwa na la kusema, wengine mkasema ni kiki.

Mi ni fundi umeme. Nimesoma VETA, leseni ya EWURA ninayo, naishi Tabata. Kazi zangu nyingi ni wayaringi za nyumba na pampu za maji. Kabla ya hapo chaja za magari nilikuwa nimefunga mbili tu, kwa hiyo nilivyopigiwa simu na dada meneja wake nilijiona nimetoboa. Niliwaambia hadi washkaji wa kijiweni.

Nifafanue kidogo kwa wale wanaodhani gari la umeme linachajiwa kama simu. Chaja ya nyumbani ya kawaida inavuta ampea 32. Kwenye umeme wetu wa volti 230, hiyo ni zaidi ya kilowati 7. Chukua pasi sita au saba, ziwashe zote kwa pamoja, uziache zinawaka saa 8 mfululizo, kila usiku. Ndio mzigo wenyewe huo. Soketi ya kawaida ya ukutani ni ya ampea 13, haiwezi habari hizo. Chaja inataka waya wake peke yake kutoka kwenye DB, breka yake, kinga yake na ethi yake. Na kama breka na kinga zinakaa nje, zinataka boksi la nje.

Chaja yenyewe haikuwa na shida, ilikuja imetengenezwa ya kukaa nje. Shida ikaanzia kwenye boksi la pembeni yake.

Dada meneja alikuwa ameshanunua la kwake. Jeusi, la chuma, mbele limekatwa matundu ya maua. Kuwa zuri lilikuwa zuri, nisiseme uongo. Nikaligeuza nyuma, nikakuta limeandikwa IP20. Nikamwambia, "Dada, hili ni la ndani."

Hizo namba mbili zina maana. Ya kwanza ni kinga ya vumbi na vitu vinavyoweza kupenya. Ya pili ni maji. Ukiona sifuri kwenye ya pili, kinga ya maji hakuna kabisa. Boksi la nje nalolitaka mimi ni IP65: vumbi haliingii, na hata ukilipiga maji ya mpira kutoka upande wowote halipati madhara.

Dada meneja akaniangalia. "Fundi, ukuta huu ndio unaoonekana kwenye picha zote. Sitaki yale madude ya kijivu kama ya kwenye pampu. Halafu kuna kibaraza hapo juu, mvua haifiki."

Aliyewahi kuishi karibu na bahari anajua mvua ya masika haishuki kwa adabu. Inakuja na upepo, inapiga kwa ubavu. Nilijua. Ila mwenye nyumba wangu alikuwa anataka kodi ya miezi sita, na kazi ile ufundi peke yake ilikuwa laki nane. Nikasema, "Sawa dada."

Kosa la pili nalo nililifanya mwenyewe, hakunituma mtu. Waya wa boksi la nje unaingilia chini. Unashusha paipu mpaka chini ya boksi, waya unajikunja kidogo halafu unapanda, ili maji yakifuata waya yadondokee pale kwenye kona, yasiingie ndani. Sasa paipu la hivo lingeonekana. Nikatoboa boksi juu, nikapitishia waya hapo, nikaziba na silikoni, nikapaka rangi nyeusi. Pakapendeza. Bosi akaja, akanipa tano, akasema, "Bro, kazi safi." Nilitembea na hiyo sentensi wiki nzima.

Mengine niliyafanya inavyotakiwa. Kutoka kwenye DB mpaka ukutani ni kama mita 25, nikavuta waya wa milimita 10 ili usipate moto. Nikachimbia fimbo ya ethi. Nikafunga RCD ya miliampea 30. Kwa wasioijua, RCD inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kidogo tu, maana yake unapotelea sehemu, labda kwenye mwili wa mtu, basi inakata kabla hujamaliza kusema "aisee."

Sasa mjue nani alikuwa analigusa hilo boksi. Bosi? Hapana. Dada meneja? Hapana. Alikuwa ni mzee wa getini. Mzee wa miaka sitini na kitu, mpole, ukimpa shikamoo anakuuliza na hali ya mama yako. Kila usiku saa 4 anachomeka gari, anafungua mlango wa boksi, anawasha. Asubuhi anazima, mana dada meneja alikuwa na hesabu kali za LUKU. Mara mbili kwa siku mkono wake uko kwenye kile chuma, na hakuna aliyemuuliza chochote wakati linachaguliwa. Hata mimi sikumuuliza.

Mwezi wa tatu mvua zilivyoanza, akanipigia. "Mwanangu, kile kidude chako kinajizima kila mvua ikinyesha."

Nilielewa palepale. RCD ilikuwa inaniita. Ilikuwa inasema kuna maji. Lakini nilikuwa na kazi Kibaha, nikamwambia, "Mzee wangu, nakuja Jumamosi." Jumamosi ikapita. Ikapita na nyingine.

Dada meneja akachoka. Asubuhi Bosi ana shoo, gari halijajaa. Akaita fundi mwingine, huyo akaja na suluhisho la dakika kumi: akairuka RCD. Akaunganisha nyaya moja kwa moja, ile kinga ikabaki pambo. Gari likaanza kujaa vizuri, watu wote wakafurahi.

Mwezi wa nne, saa 5 usiku, simu ikaita. Alikuwa Bosi mwenyewe. "Fundi, mzee kapigwa shoti."

Nilichukua boda kutoka Tabata mvua ikinyesha, sikumbuki hata nililipa shilingi ngapi. Nilivyofika walikuwa wameshampeleka hospitali. Nikazima mein swichi, nikapima, nikafungua. Chini ya boksi yamejaa maji. Silikoni yangu ya juu imebanduka kwa jua la miezi mitatu, ukiivuta inatoka yote. Maji yalifuata paipu, yakapita kwenye tundu nililotoboa mimi, yakadondokea juu ya breka. Kwenye nyaya kutu ya kijani imeshaanza, kazi ya chumvi ya bahari.

Mtauliza, mbona breka haikukata? Breka ya ampea 40 inasubiri umeme mwingi sana ndio ikate. Fimbo ya ethi kwenye mchanga wa pwani mara nyingi inapitisha ampea chache tu. Breka hizo haizioni, chuma kinabaki na umeme, na mtu akikigusa amekwisha. Ndio mana RCD ipo, na ndio mana hairukwi.

Mzee alinusurika kwa vitu viwili. Alivaa buti za mpira. Na mkono wa kulia alikuwa ameshika mwavuli, kwa hiyo mlango aliusukuma kwa mgongo wa mkono wa kushoto. Umeme unakaza misuli. Ukishika chuma kwa kiganja, vidole vinajifunga, unang'ang'ania, huachii. Yeye mkono ulijivuta, akaangukia mgongo. Angeushika ule mlango kama siku zote, leo ningekuwa naandika kitu kingine, au nisingekuwa naandika kabisa.

Nikawaambia ukweli wangu wa aibu. Wiki nzima nilikuwa namlaumu yule fundi wa pili. Kila niliyekutana naye nilimpa stori ya mtu aliyeruka RCD. Na ni kweli, alifanya jambo baya. Ila stori yangu nilikuwa naianzia katikati. Tundu la juu nilikuwa nalikata. Ile IP20 nilikuwa siitaji. Ile simu ya mwezi wa tatu ndio kabisaa.

Nikaenda kumuona mzee. Alikuwa amekaa nje kwake, mkono umefungwa bandeji. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza hali ya mama. Halafu akaniuliza, taratibu tu, "Mwanangu, lile boksi lilikuwa la nje?"

"Hapana, mzee."

"Ulijua?"

Nikanyamaza kidogo. "Nilijua."

Akaangalia barabarani muda mrefu. Kisha akasema, "Basi niletee la nje."

Hakunitukana. Bora angenitukana.

Bosi, nampa heshima yake, alilipa hospitali yote na hakuposti. Aliniuliza kwa nini sikumwambia boksi halifai. Nikamwambia nilimwambia dada meneja. Akasema yeye hakujua, na hajawahi kulifungua lile boksi hata siku moja. Namwamini. Ndio tatizo lenyewe hilo: anayelipa anataka lipendeze, anayefunga anataka alipwe, na anayeligusa kila siku hayupo kwenye mazungumzo.

Nilirudia kazi yote, ufundi sikuchukua hata mia. Bosi alinunua boksi jipya, akaniambia, "Weka hata likiwa baya kama nini." Ni la kijivu kweli. Plastiki ngumu ya kuvumilia jua, IP65, mana chuma kando ya bahari kinaliwa na chumvi. Nimelihamishia upande wa ukuta usiopigwa jua la mchana, na juu kidogo, mana pale maji yakijaa uani yanafika magotini. Nyaya zote zinaingilia chini kwa glandi, zile za kukaza kwa mkono zenye mpira ndani. Kila tundu lisilotumika limezibwa kwa kizibo chake, silikoni haina kazi hapo. Skrubu ni za stenlesi. RCD mpya, safari hii ya aina B, mana chaja yao haina kinga yake yenyewe ya umeme wa DC unaovuja kutoka kwenye gari. Kama chaja yako inayo, aina A inatosha. Ethi nimeongeza fimbo, nikapima kwa mashine, sikukadiria kwa macho.

Nilivyomaliza, kabla ya kuwasha, nikachukua mpira wa bustani nikalimwagia boksi maji dakika kumi, pande zote. Nikamwita mzee alifungue yeye. Akaingiza kidole ndani, akapangusa, akakiangalia. Kikavu. Ndipo nikawasha. Nikamwonyesha kile kitufe cha kujaribu RCD, kile kidogo chenye herufi T. Anakibonyeza kila mwezi. Kisipokata, gari halichajiwi, hata kama kesho kuna shoo. Hiyo ni amri yake, na Bosi ameikubali mbele yangu.

Kwa hiyo wadau, wenye magari na mnaoyaombea, nina maneno machache. Fundi akija kufunga chaja, mwambie akuonyeshe namba kwenye boksi. Muulize waya unaingilia wapi. Kama RCD inakata kata, usitafute mtu wa kuiruka, tafuta maji yanakoingilia. Na kabla ya yote, muite yule atakayekuwa anawasha na kuzima, awe mlinzi, dada wa kazi au mdogo wako, asimame pale aone.

Gari bado mnaliona kwenye picha. Boksi halionekani, meneja anapanga watu wasimame mbele yake.

Vidole viwili vya mzee mpaka leo vina ganzi. Lakini masika ya mwaka huu, kila mvua kubwa ikipita, simu yangu inaingia meseji. Haina salamu wala nini, ni maneno matatu tu: "Nimeangalia, ni kukavu."

Nikiisoma ndio nalala.