Fundi Wangu ni Mkristo

Leo sikuleta mitindo ya shela wala bei za lesi. Nataka kujibu swali ambalo mabiharusi na mama zao huniuliza dukani, wengine kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia dawa: yule mama anayekaa kwenye cherehani ya dirishani, mbona shingoni ana msalaba?

Ana msalaba kwa sababu ni Mkristo. Ni Mwanglikana, anasali Mkunazini, na ndiye fundi wangu mkuu. Jina lake siliweki hapa kwa kuwa mwenyewe hapendi kutajwa. Dukani sote tunamwita Mama Fundi. Amenizidi miaka kama ishirini. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaenda kusomea ushoni, cheti changu ninacho, lakini kukata shifoni isikimbie mkasi nimefundishwa na yeye.

Kwao ni Masasi. Ukisema hivyo tu, hapa kwetu utajibiwa, "Aaa, mtu wa bara." Mimi huwaambia kwamba Ukristo wa Masasi uliondokea hapa hapa Unguja. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka hapa na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakafika Masasi, wakajenga. Na ni Steere huyo huyo aliyejenga lile kanisa la Mkunazini, pahala palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Kwa hivyo nikimuona Mama Fundi anateremka Mkunazini Jumapili na kanga yake mabegani, simuoni mgeni.

Sasa nikuelezeni kwa nini nimemuweka.

Nyote mnatujua sisi mafundi. Mteja analeta mita tano, nguo inakula tatu na nusu, iliyobaki haionekani tena. Ukiuliza unaambiwa kitambaa kilikuwa kifinyu. Mama Fundi vipande vyote anavikunja, anavifunga kwa uzi, anavitia ndani ya mfuko wa mwenyewe pamoja na nguo, hata kiwe kipande cha upana wa kiganja. Na mteja akisema nikatie mita tano, yeye humwambia, "Tatu na nusu zinakutosha, bibi." Kumbukeni kwamba kitambaa ninauza mimi! Mwezi wa mwanzo nilipiga hesabu jioni nikaona nguo zimeshonwa nyingi na lesi imetoka kidogo. Nikamwita. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nikilala nataka nilale." Hakuongeza neno. Sitaki kukudanganyeni kwamba baada ya hapo wateja walimiminika kwa sababu ya uaminifu wake. Mwaka ule kila mtu Darajani aliuza. Lakini vipande vinarudi mpaka leo.

Ramadhani ndiyo huniacha mdomo wazi. Kumi la mwisho mnalijua, kila mtu anataka nguo ya sikukuu na wote wanaitaka jana. Mama Fundi mchana kutwa hali kitu ndani ya duka, hata maji hanywi. Nilimwambia nyuma kuna pazia, pana faragha, ale chakula chake kwa nafasi. Akanijibu kwamba wale wasichana wanashona na saumu zao, harufu ya chapati peke yake ni mtihani. "Nawaonea imani," akasema. Ikifika saa kumi jioni huwatoa kwenye mashine mmoja mmoja, "Nendeni mkapike," na pindo zao anazimaliza yeye. Wakirudi baada ya tarawehe wanamkuta yupo pale pale.

Neno lake hilo nimelifikiria sana. Kiswahili chetu imani kinayo moja kwa mambo mawili. Imani ni kumuamini Mwenyezi Mungu, na imani ni huruma. Tukisema fulani hana imani, hatuna maana kwamba hasali. Anaweza kuwa safu ya mbele msikitini. Tuna maana kwamba anampiga punda wake, au anamla yatima. Wazee waliotuachia lugha hii sijui kama walikaa wakakubaliana, lakini waliliacha neno vile, na mimi kila nikimtazama Mama Fundi nalisikia kwa pande zake zote mbili.

Kuna msichana mmoja, mwenyewe ameniruhusu nieleze bila ya kumtaja. Ndoa yake ilivunjwa na upande wa mume zimebaki siku nne. Gauni lilikuwa tayari limetundikwa, mawe yote yameshapachikwa kwa mkono. Alikuwa ametoa arubuni ya laki tatu, pesa za mchezo alizozicheza miezi kumi. Na desturi ya kazi yetu inajulikana: nguo ikishashonwa, arubuni hairudi. Si ukatili, ni kwamba fremu ina kodi na mafundi wana watoto. Mama yake alikuja, hakuomba chochote, alikaa tu kwenye kiti akaliangalia lile gauni. Mimi sikuwa na la kusema.

Siku ya tatu Mama Fundi alinijia na fikra. Gauni lile kama lilivyo haliuziki, limekatwa kwa kiuno cha yule binti. Lakini mna lesi nzima ndani yake, na mawe ya pesa nyingi. Akaomba nimruhusu alifumue. Alilifumua usiku tatu baada ya kazi, mshono kwa mshono, kwa wembe na sindano, mawe akiyatia kwenye kopo la maziwa ya watoto. Aliyewahi kufumua gauni la lesi anajua kwamba kulishona ni rahisi zaidi. Ukiteleza kidogo tu lesi imetoboka. Ikatoka magauni mawili ya watoto wa kusindikiza biharusi, na mawe yakaenda kwenye gauni la mtu mwengine. Ujira wake wa lile gauni la mwanzo akasema nisimhesabie. Tulipomaliza kuuza, laki tatu ya binti ikarudi, na kodi yangu nilikuwa sijaigusa. Nilipokuwa natoka kuipeleka akaniomba nisimtaje. Binti alikuja kujua baada ya mwaka mzima, wasichana wa dukani ndio waliomwambia, na ndiye aliyenishikilia niandike.

Sadaka ya kufichwa, ambayo hata mkono wa kushoto haujui kilichotolewa na wa kulia, sisi tunaisoma katika hadithi ya watu saba watakaokuwa kivulini siku isiyo na kivuli. Wao wanayo katika Injili ya Mathayo. Nilimwambia hivyo akastaajabu, tukacheka.

Mama wa yule binti aliposikia habari alimsifu Mama Fundi kwa sifa tunayoipenda sana hapa kwetu: "Yule kakosa shahada tu." Wapenzi, najua anayesema hivyo amekusudia wema, lakini sentensi hiyo inanikereketa. Ni kama kusema wema wote ni mali yetu, na yeye kauokota njiani. Siku moja mteja alimwambia uso kwa uso. Akatabasamu, akasema, "Bibi yangu, haya nimefunzwa kanisani, na mama yangu." Mama yake, kule Masasi, alikuwa akishona sanda za maskini bila ya malipo. Mama Fundi anaamini kwamba Yesu aliwagusa wakoma na kuwapokea wanawake waliosemwa vibaya mjini, na yeye anajitahidi kufuata hapo hapo. Hafanyi haya ingawa ni Mkristo. Anayafanya kwa kuwa ni Mkristo, na mimi naona tumpe haki yake hiyo.

Mimi naamini Isa, amani iwe juu yake, ni Mtume wa Allah. Yeye anasema zaidi ya hapo, na hapo tumeachana njia, tena parefu, wala hatujifanyi kama hatukuachana. Naomba nife Muislamu. Yeye anaomba afe Mkristo. Hajawahi kunivuta kwake kwa neno hata moja.

Mwaka jana alikuja shangazi wa biharusi mmoja na oda nono: gauni la kuingilia ukumbini, la singo, la nikaha, na sare thelathini za ukoo. Alikuwa na sharti moja. Nguo ya nikaha isiguswe na mkono wa Mkristo, kwa sababu ya baraka. Aliyasema hayo Mama Fundi yuko hatua mbili, anatia uzi kwenye ovaloki. Bibi alipotoka nje kupiga simu, Mama Fundi akaniambia, "Hiyo nguo mpe binti mwingine ashone, mimi nitashona sare. Bibi harusi asikose nguo yake kwa ajili yangu." Nilitafuta hasira usoni mwake nisiione. Nilizikuta kwangu, za kututosha wawili. Shangazi aliporudi nilimwambia kwa adabu kwamba dukani kwangu hakuna mkono unaotengwa. Akakunja kitambaa chake akaondoka. Oda ile ingenilipia kodi ya miezi mitano, na miezi ile niliihisi mmoja mmoja.

Wanaofikiri kama shangazi yule ni wengi, na wengine mnanisoma hapa, kwa hivyo nikuulizeni kidogo. Katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa amevaa juba la Sham. Hadithi imo ndani ya Bukhari. Mikono ya juba ilikuwa myembamba, alipotaka kutia udhu haikupanda, ikabidi atoe mikono yake kwa chini. Mimi kama fundi hadithi hii naipenda sana! Sham siku hizo ilikuwa nchi ya Warumi, Wakristo. Alilivaa, na hakusema halina baraka.

Na kama ni baraka ya nikaha, kuna Mama yetu Ummu Habiba, aliyebaki peke yake ugenini Habasha. Aliyemsimamia Mtume katika nikaha yake na kutoa mahari ya dinari 400 ni mfalme Najashi. Wanazuoni wetu wanasimulia kwamba wakati huo ameshasilimu. Lakini mlango aliufungua zamani. Mwaka 615 Waislamu wa mwanzo walipomkimbilia, wanawake wakiwemo, Makureshi wakamfuata na zawadi ili awarejeshe, alikuwa mfalme Mkristo. Akataka kwanza awasikilize. Jaafar akamsomea kutoka Suratu Maryam, akalia ndevu zikarowa, na zawadi akazirudisha. Bibi zetu walilala salama kwa sababu ya imani ya mtu yule, mpendavyo kulifahamu neno hilo.

Baba yangu alipofariki, Mama Fundi alifika kabla ya jamaa zangu wengi. Alisimama mlangoni akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, niambie nisifanye nini." Nikamwambia. Kwa siku tatu alikuwa uani kwenye masufuria, kanga kichwani, msalaba ameutia ndani ya blauzi. Sikumwambia autie ndani. Hitma iliposomwa alitoka akakaa nje barazani mpaka ikamalizika, kisha akarudi kuosha vyombo.

Basi hilo ndilo jibu langu. Shaabani inakuja na harusi zimeshaanza kujaa daftari. Vitambaa vileteni wiki sita kabla, si siku sita. Gauni la mawe peke yake linataka wiki mbili za mkono. Na Jumapili asubuhi msije kupimwa. Mama Fundi yuko Mkunazini, na mimi shifoni bado inanikimbia.