Ingia Ukumbini, Mwanangu

Mbamba Bay,
Wilaya ya Nyasa.

Mwanangu mpendwa,

Huku ziwani usipa umepatikana wiki hizi na nimekukaushia kiasi, utaletewa na kosta ya Ijumaa.

Umeniandikia kwamba kazi ya uhasibu katika chama cha msingi cha ushirika umeizoea, ila mji wa Mbinga bado haujakuingia moyoni. Jioni ukungu unashuka, baridi ya Juni inakukimbiza chumbani, unajifunika blanketi na simu mkononi mpaka usingizi ukuchukue. Ndipo ukataja kwa kupita tu ule ukumbi wa mtaa ulio nyuma ya nyumba uliyopanga: unafunguliwa kwa harusi, kwa mikutano na watu wanapoandaa chakula cha msiba, siku nyingine zote una kufuli. Uliutaja kwa mstari mmoja, lakini ndio ulionikaa kichwani, na barua hii ni kwa ajili yake.

Ukumbi ule ni wako. Usicheke. Ni wako kama ulivyo wa yule aliyezaliwa hapo, na nataka uanze kuutumia kabla mwaka haujaisha.

Fikiria nchi yenyewe ilivyo. Sisi huku tuko mita 475 hivi kutoka usawa wa bahari, na milima ya Umatengo inapanda hadi karibu mita 2,000. Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi hapa kwetu imefupisha safari, lakini hali ya hewa haikuifupisha. Huku jioni inatutoa nje. Utawakuta vijana ufukweni, wazee kwenye bao chini ya miembe, kina mama wakianua usipa huku wakizungumza. Hakuna anayehitaji kualikwa. Huko juu jioni inawarudisha watu ndani, kila nyumba na moto wake, na mgeni asiye na ndugu anabaki na kuta nne. Mji wa mlimani una haja kubwa ya nyumba ya kukutania kuliko mji wa ufukweni, hasa kuanzia Novemba mvua zinapoanza hadi Aprili, wakati viwanja vyote vya mpira ni tope.

Wamatengo, wenyeji wa huko, walilijua hilo zamani sana. Walikuwa na sengu, mkutano wa jioni wa ukoo, ambapo wanaume na vijana wao walikula pamoja, wakaamua ugomvi, wakapanga kazi za mashamba ya ngoro, yale ya mashimo kwenye mteremko, na mtoto wa kiume akajifunza adabu kwa kuwasikiliza wakubwa. Kisha ukoo ukatawanyika, kahawa ikaleta fedha ya kila nyumba peke yake, watu wakaanza kula kila mmoja kwake, na sengu ikafifia. Lakini kumbukumbu yake haikufa. Kati ya mwaka 1999 na 2004, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kikishirikiana na Wajapani, kilifanya kazi ya maendeleo katika vijiji vya Kindimba na Kitanda. Wanakijiji wa Kindimba walipotaka chombo cha kuendesha mambo yao, walikiita Kamati ya Sengu. Walipata mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji ya mto, na kamati ndiyo iliyoisimamia. Mwanangu, wale watu walianza na kikao. Mashine ilikuja baadaye, ikakuta watu waliokwisha kuzoea kukaa pamoja.

Lakini nitakuambia na upande mwingine, kwa kuwa wewe ni mwanamke. Sengu ilikuwa ya wanaume. Wanawake walipika na kupeleka chakula, wakarudi jikoni. Kwa hiyo wakikuambia turudishe sengu, waambie sawa, ila safari hii sisi tunakaa.

Mahali petu sisi wanawake wa ziwani palikuwa kioda, ngoma yetu. Baba yako alikuwa na mganda wake, mimi nilikuwa na kioda, na mpaka leo nikisikia ngoma ile ikilia upande wa Liuli miguu hainitulii. Watu wa mjini wanaona ngoma ni kuruka na kufurahi tu. Kuna mengi zaidi. Mganda ni mtoto wa beni, ile ngoma ya pwani iliyoiga gwaride na bendi za kijeshi, ikasambazwa na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ikazunguka ziwa zima mpaka upande wa Malawi, wanakoiita malipenga. Wanaume wanajipanga kwa safu, nguo nadhifu, vibuyu vinalia kama tarumbeta, na kila kikundi kina vyeo vyake na viongozi wake. Kioda nayo ilitufundisha hivyo hivyo. Kulikuwa na kiongozi wa kikundi, aliyetunza sare, aliyetunga nyimbo na aliyepokea wageni. Kijiji kikialika vikundi vya vijiji vingine baada ya mavuno, ilibidi mwenyeji alishe na kulaza watu wote wale, na mwaka unaofuata na yeye akapokewe. Nani atakosa mazoezi hapo? Ukikosa, unawaangusha wenzako mbele ya kijiji cha watu.

Nimekaa kwenye vikundi vingi maishani, vya kanisa, vya chama, vya kuweka na kukopa. Hakuna kilichonifunza kuishi na watu nisiowachagua kama kioda. Ndiyo sababu nakusihi uingie ukumbini.

Sasa ukumbi. Kumbi za namna hiyo zina historia yake, na inafaa uijue usije ukarudia ya zamani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Mwingereza ilijenga vituo vya ustawi wa jamii katika miji ya Tanganyika, na kati ya waliokusudiwa walikuwa askari waliorudi vitani. Ndani yake mlikuwa na magazeti, redio, chai na michezo. Nia ilikuwa kuwapokea watu wote, lakini mara nyingi waliokaa mle walikuwa makarani na wasomi wachache, wakizungumza na wenzao. Mchukuzi wa sokoni aliona si mahali pake, akapita. Dar es Salaam, pale Mnazi Mmoja, lilijengwa jumba la Arnautoglu katika miaka ya 1950, na lenyewe likapata umaarufu kwa sababu watu walilijaza: mikutano, dansi, madarasa. Jengo halina kosa wala sifa. Linakuwa vile linavyotumiwa.

Kwa hiyo ukienda na wenzako wa ofisini peke yenu, wenye mishahara na simu nzuri, mtakuwa makarani wa zamani. Nenda na yule dada anayekuuzia maandazi asubuhi. Nenda na wasichana wanaochuma kahawa kwa kibarua, maana msimu ukiisha hawana pa kwenda. Waite na vijana wa bodaboda, usiwaogope. Wengi wao jioni wanakaa kwenye mikeka ya kubashiri mechi kwa sababu hakuna mahali pengine panapowaka taa. Wakipewa meza ya drafti na mtu wa kuwaheshimu watakuja.

Utaratibu wake ni huu. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, muulize ufunguo unatunzwa na nani. Usianze kwa kulalamika kwamba ukumbi umefungwa. Mtendaji huyo ana kesi za mipaka na michango juu ya meza yake, na akisikia lawama atajihami. Omba siku moja tu ya wiki, ile ile kila wiki, kwa barua inayopitia kwa mwenyekiti. Jitoleeni kufagia, kuwasha taa na kufunga. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Halmashauri ya Mji apewe nakala, na Afisa Utamaduni na Michezo pia. Wengi wao wanatamani kuwa na kikundi cha kuonyesha katika taarifa zao, watawasaidia.

Siku yenyewe ichagueni kwa kufuata kazi za wanawake, si za ofisi. Hili mtu wa mjini halioni. Katika ngoro, mwanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa mistari inayokatana, kisha mwanamke ndiye anayechimba lile shimo na kufunika majani kwa udongo, ndipo apande maharage. Kazi hiyo iko Machi, mvua ikielekea kupungua. Mwanamke aliyeshinda akichimba kwenye mteremko hatakuja kucheza netiboli saa kumi na moja jioni. Wakati huo ukumbi uwe wa kukaa, kufuma, kuimba na kusimuliana. Michezo ya nguvu iwekeni baada ya mavuno. Kama kina mama wana watoto wachanga, wapewe kona ya kuwalaza. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Mbinga kiko hapo mjini, na vyuo vya namna hiyo, vilivyoanza mwaka 1975 kwa mfano wa Uswidi, vimekuwa vikipokea wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito, wakaja na watoto wao. Nenda ukaone wanavyofanya. Kuna walimu wa ushonaji na useremala. Ukimpata mmoja aje kuwatengenezea mabenchi pamoja na vijana, mmepata mwalimu na samani kwa siku moja.

Utaambiwa kuna ukumbi wa parokia, kwa nini kuhangaika. Ni kweli, Mbinga ni mji wa Wakatoliki wengi na kumbi za kanisa zimetusaidia sana, mimi mwenyewe nimekulia ndani yake. Lakini jirani yako Mwislamu atasita mlangoni hata akikaribishwa kwa mikono miwili, na mlokole naye ana yake. Ukumbi wa mtaa ndio pekee ambapo hakuna anayeingia kama mgeni wa dini ya mwenzake. Huo ni ubora mkubwa, msiupoteze.

Jambo jingine linanisumbua zaidi ya yote. Siku hizi watu wakikusanyika kumi tu, mmoja anasema tufungue kikoba, mwingine anasema tujisajili tupate mkopo wa Halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Si vibaya, na wewe ni mhasibu, watakuona wewe ndiye wa kuwashikia daftari. Kataa, mwanangu. Wasaidie siku nyingine, mahali pengine, uwafundishe hesabu kwa moyo wote. Siku ya ukumbi isiguswe na fedha. Deni likiingia kwenye mchezo, anayedaiwa haji tena, na wa kwanza kutoweka ni yule maskini uliyemleta kwa shida. Nimeona kikundi kizuri cha ngoma kikifa hivyo, na waliobaki wakawa hawasalimiani sokoni.

Na msikubali kuwa watu wa kuitwa tu mgeni rasmi akija. Tunashukuru Mwenge, tunashukuru sherehe za Songea za Februari 27 za kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji, ni heshima kucheza mbele ya wakubwa. Lakini ngoma inayochezwa dakika tano, huku kipaza sauti kikimtaka mchezaji aharakishe, haina muda wa kumkuza mtoto. Ngoma hukua kwenye mazoezi ya siku ya kawaida, ambapo anayekosea anarudishiwa hatua na bibi mmoja asiyechoka. Mtafuteni bibi huyo. Mbinga wapo, na kila mwaka tunazika wengine.

Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi: wasichana waondoke kwa makundi, taa isizimwe kabla ya wa mwisho kutoka, pombe isiingie ndani, na muziki ukomee saa tatu usiku ili majirani wawe upande wenu. Mvulana atakayemkosea heshima msichana mle ndani aambiwe siku hiyo hiyo na mbele ya wenzake.

Wewe mwenyewe usitafute uenyekiti. Najua uko mwepesi wa kuongoza, ulikuwa hivyo tangu darasa la nne. Mwaka wa kwanza uwe mwanafunzi wa mtu. Jifunze kioda kwa mwanamke ambaye pengine hajui kusoma barua hii. Utakosea hatua mbele ya wasichana wa kibarua unaowalipa dirishani, nao watakucheka, na kesho yake watakusalimia kwa namna nyingine. Mji utaanza kukuingia hapo, nami sijui njia nyingine ya kuuingia.

Jumatatu nenda kwa mtendaji wa mtaa, upeleke barua yenye majina ya watu wa aina tatu angalau: wa ofisini, wa sokoni na wa shambani. Kisha niandikie mmepewa siku gani. Nikipata nafuu ya goti nitapanda na kosta nije kuwafundisha safu ya kwanza, na nitakuja na sare yangu.

Msalimie mwenye nyumba wako, na umwombe kiti kimoja cha ziada kwa ajili ya ukumbi.

Shangazi yako akupendaye.