Juu ya Kufungua Faili na Kulifunga

Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Siku hizi daftari nyingi za Sengerema zimehamia katika kompyuta, nasi tufundishao vijana kutunga programu zao za kwanza kwa lugha ya Python twaona kwamba methali hii haijachakaa. Maana daftari laweza kuwapo, na mali ikaisha vile vile bila habari, kwa kuwa faili lilifunguliwa vibaya au halikufungwa.

Kwanza tuseme juu ya kufungua. Amri ya open() hupewa jina la faili, pamoja na herufi ya kueleza nia. Herufi "r" ni ya kusoma tu. Herufi "a" ni ya kuongeza maneno mwishoni. Herufi "w" ni ya kuandika upya. Hii ya mwisho yataka hadhari kubwa. Afunguaye kwa "w" faili lenye majina mia, huyafuta yote papo hapo, kabla hajaandika hata moja, wala kompyuta haimwulizi kama ana hakika.

Kijana mmoja wa darasa letu alitunga programu ya kuandika watu waliokopa dagaa kwa mama yake. Kila jioni alifungua faili kwa "w", akaandika majina ya siku ile, akaridhika. Juma lilipokwisha, mama alitaka kusomewa wadeni wake wote, na faili likaonyesha wa jana tu. Baadhi ya wadeni walikuja wenyewe kulipa. Wengine hawajaonekana mpaka leo. Programu ile haikuwa na kosa jingine ila herufi moja.

Kufunga nako kuna sababu yake, na hapa kwetu mfano hauko mbali. Kabla daraja la kutoka Kigongo hadi Busisi halijafunguliwa, mwezi wa Juni 2025, aliyetaka kwenda Mwanza kwa njia ile alingoja kivuko. Kivuko hakikuondoka kwa ajili ya mtu mmoja. Watu na magari walikusanyika kwanza, ndipo wakavushwa pamoja. Maneno yaandikwayo na programu husafiri vivyo hivyo. Hayapelekwi moja moja mpaka kwenye diski, kwa maana safari hiyo ni ya polepole, bali hukusanywa kwanza katika kumbukumbu ya kompyuta. Amri ya close() ndiyo isemayo: waliopo gatini wavushwe sasa. Umeme ukikatika kabla yake, maneno yaliyokuwa yakingoja hupotea, hata kama mwandishi alidhani yamekwisha fika.

Tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006, Python ina neno "with", ambalo hulifunga faili lenyewe, hata kosa likitokea katikati ya kazi. Ndivyo kijana wetu aandikavyo sasa:

with open("wadeni.txt", "a") as faili:
    faili.write(jina + "\n")

Alama ile ya "\n" hukata mstari. Isipowekwa, majina yote hushikamana kama neno moja. Mistari iliyo chini ya "with" ikiisha, faili limefungwa, wala hapana haja ya kuandika close().

Hata hivyo, sisi hatuanzi na "with". Twawaagiza wanafunzi wafunge kwa mkono wao muda wa juma moja au mawili, ili wajue ni kazi gani wafanyiwayo. Aliyewahi kungoja kivuko ndiye ajuaye thamani ya daraja.

Basi, walimu wenzetu, mwanafunzi akiwaleteeni programu iliyokwenda vema, msimsifu upesi. Mwulizeni kwanza maswali mawili: Umelifungua faili kwa nia gani? Nalo hufungwa wapi? Akijibu yote mawili pasipo kusita, mama yake aweza kumkabidhi daftari.