Jozi ya Buluu

Ukichuna ganda la waya wa mtandao utakuta ndani nyaya nane nyembamba, zimesokotwa mbilimbili: jozi ya machungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu za kwanza. Mtandao wa gigabiti moja unazitaka zote nne. Zikikosekana, mara nyingi vifaa hukubaliana kimyakimya kubaki kwenye megabiti 100, na taa za swichi zinaendelea kuwaka kama kawaida.

Nyumbani kwetu Tanga, jozi ya buluu ilikuwa na mwenyewe. Baba alikuwa fundi wa simu hadi alipostaafu, na mwaka 2007, tulipohamia nyumba hii, alipitisha waya mmoja ndani ya ukuta kutoka sebuleni hadi chumba cha nyuma. Jozi mbili alizipa kompyuta. Ya buluu akaitoa pembeni, akaipeleka kwenye simu ya mezani chumbani kwa Bibi. Ya kahawia akaiacha akiba. Kwa wakati ule ilikuwa kazi safi. Ruta yetu ilikuwa ya megabiti 100, na Bibi alikuwa na ndugu Muheza wa kupigiwa kila Jumapili.

Chumba cha nyuma sasa ni ofisi ya dada yangu. Anapiga video za harusi, na kompyuta yake ina terabaiti 1.6 za kazi. Nakala zinatakiwa kwenda kwenye kompyuta ya kuhifadhia iliyoko sebuleni. Hesabu yake ni rahisi: biti nane ni baiti moja, kwa hiyo megabiti 100 ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, na ukitoa gharama za njiani unapata kama 11.5. Kuhamisha terabaiti 1.6 kwa kasi hiyo ni saa 38 na zaidi. Tulijaribu waifai, lakini matofali ya saruji yanakula mawimbi, na kasi ilipanda na kushuka kama homa.

Ubaya wa mtandao wa polepole ni kwamba humzoesha mtu kuahirisha. Dada alikuwa akihamisha harusi kwanza, kwa sababu wateja wanasubiri na wanalipa. Ya nyumbani yalisubiri wikiendi, na wikiendi ina harusi. Hivyo faili moja lilibaki kwenye diski moja kwa miaka: Bibi, saa tatu, ameketi barazani akisimulia kwa Kibondei majina ya mashamba, ya miti na dawa zake, na ya watu waliozikwa wapi. Bibi alifariki 2021. Hakuna mwingine nyumbani anayekijua Kibondei kiasi cha kuyasema yale upya.

Mwezi wa tatu mwaka huu diski ile ilianza kutoa onyo. Diski hujiwekea kumbukumbu ya sehemu zake zilizoharibika, na kila asubuhi idadi ilikuwa imeongezeka. Dada alianza na faili la Bibi. Umeme ukakatika. Alipoanza tena, ukakatika tena.

"Kata ile waya ya simu," aliniambia. "Unganisha jozi zote nne."

Laini ya simu ilikuwa imekufa zamani. Hata hivyo simu yenyewe ilikuwa bado juu ya kimeza, kwenye kitambaa kilichofumwa, na Baba huifuta vumbi kila Ijumaa. Nilipomweleza, hakujibu. Akaniuliza kwa nini tusipitishe waya mpya. Nikamwambia paipu limeziba, tungelazimika kubomoa plasta.

"Kwa hiyo tatizo ni simu ya mama yangu."

"Hapana, Baba. Tatizo ni kwamba tunataka kuiokoa sauti yake, na njia imeshikwa na simu yake."

Alinyamaza muda mrefu. Dada alikuwa mlangoni, ana maneno mengi mdomoni, akayameza. Kisha Baba akasema nisiguse kitu, nimletee kisu na miwani.

Alifanya kazi nzima mwenyewe, ameketi kwenye stuli. Macho yake hayatenganishi tena kijani na buluu kwenye mwanga hafifu, lakini vidole vinakumbuka: kila jozi husokotwa kwa msongamano wake, ili zisiingiliane. Aliipapasa, akaniambia, "Hii ndiyo ya buluu," nami nikaimulika kwa tochi ya simu. Ilikuwa ya buluu. Alikata vichwa vya zamani pande zote mbili, akapanga nyaya nane, akabana plagi mpya. Nilileta swichi ya gigabiti, tukapima, taa zote nane za kipima waya zikafuatana.

Dada alitaka turuke moja kwa moja hadi gigabiti 2.5. Waya wetu wa Cat5e unaiweza, kiwango chake kilipitishwa 2016. Lakini diski inayozunguka, tena mbovu, haitoi data kwa kasi hiyo. Ungekuwa upana wa barabara bila magari. Gigabiti moja ilitupa megabaiti 110 kwa sekunde. Faili la Bibi, gigabaiti 61, ambalo lingechukua karibu saa moja na nusu, lilifika sebuleni kwa dakika kumi. Yaliyobaki tuliyamaliza kabla ya magharibi, isipokuwa video mbili za harusi ambazo diski ilikataa kuzisoma.

Baba hakuuliza kasi. Aliuliza, "Nakala ziko ngapi?"

"Mbili," dada akajibu. "Moja kwangu kwenye diski mpya, moja sebuleni."

"Nyumba moja, paa moja. Nyumba ikiungua?"

Jumamosi dada alinakili kila kitu kwenye diski ndogo ya mfukoni, akaifunga kwenye kanga, nami nikapanda nayo gari la Muheza hadi kwa shangazi. Njiani nilipiga hesabu: terabaiti 1.6 kwa mwendo wa kama saa moja ni zaidi ya megabaiti 440 kwa sekunde. Hakuna waya nyumbani kwetu unaofikia hapo. Shangazi aliiweka kabatini, kwenye bati la biskuti lenye hati za shamba, kisha akaniomba nimwashie Bibi, walau kidogo, kwenye simu. Yeye ndiye aliyeanza kutufasiria.