Vitabu vya Masika

Mimi si mhakiki. Husoma jioni baada ya kazi, na aghalabu majina ya wahusika hunitoka kabla ya mwezi mwingine kuandama. Lakini masika ya mwaka jana mvua zilinifungia nyumbani, na vitabu vitatu vilivyofika mikononi mwangu kwa bahati, kila kimoja kwa njia yake, vimekataa kuniacha. Nataka kusema neno juu yao kama msomaji wa kawaida, na msomaji mwenzangu ana ruhusa ya kunikanusha.

Cha kwanza ni habari za maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Mzee huyu, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliandika kwa herufi za Kiarabu. Maandishi yake yakachapwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, naye yu hai, na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikayatoa tena mwaka 1958 na 1959 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Sijapata kuona nathari ya Kiswahili iliyo nyepesi kama hii. Mwandishi hapambi wala hajitetei. Alitoka mahali fulani, akafika mahali fulani, akanunua pembe, akapigana, akaendelea na safari. Vita husimuliwa kwa sauti ile ile isimuliayo biashara. Wengi wetu tuandikao leo, tusioweza kutaja mvua bila kuivika kilemba, tungefaidika kwa kukaa miguuni pake. Kwa siku mbili nilikuwa mtu wake. Nilimfuata bara, hata nikafurahi alipofanikiwa.

Kisha nikatua kwenye habari za wapagazi wa Uzaramo. Walikuwa wamemtoroka, naye akarudi akaingia vijijini mwao, akakamata watu kwa mamia, akawatia minyororo ili mizigo ipate kwenda bara. Asema kwamba ndipo alipoitwa Kingugwa, yaani chui. Habari yote ni fupi, haina majivuno wala majuto. Baada ya hapo safari yaendelea.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mzaramo. Alikuwa akitueleza kwamba babu yake alikwenda bara na mzigo wa mtu, akarudi, na tangu siku hiyo mtu akimwuliza habari za safari huinuka na kwenda kutazama mbuzi. Hayo ndiyo tuliyorithi juu yake: mzigo, na mbuzi. Sidai kwamba alikuwa miongoni mwa waliofungwa. Sina ushahidi hata wa jina la mwenye mali. Lakini nilikifunga kitabu, nikakiacha juma zima. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa historia, aliposikia alinicheka. “Wewe bwana,” akasema, “unamsusia maiti?” Sikupata la kumjibu. Kilichoniudhi hasa ni kwamba niliipenda sentensi ile kabla ya kuielewa.

Cha pili ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, *Peponi*. Ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la *Paradise*, na Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili. Tafsiri ilichapwa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobeli. Yusuf, mtoto wa miaka 12, achukuliwa na tajiri aitwaye Aziz, ambaye amezoea kumwita mjomba wake. Ni Khalil, kijana wa dukani, amfunuliaye kwamba huyo si ndugu yake hata kidogo. Baba yake amemtoa rehani kwa deni. Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Mambo ambayo Tippu Tip huyaona kutoka juu, penye hesabu na amri, hapa huonekana kutoka kimo cha mtoto, ambaye haelewi kwa nini watu wazima wanatabasamu. Maneno ambayo katika Kiingereza yalikaa kama wageni barazani, katika Kiswahili yameingia ndani yakavua viatu. Mahali pachache nilihisi sentensi bado inatembea kwa mwendo wa ugenini, na safari ya bara ilinichosha kidogo, ingawa yamkini safari yenyewe iliwachosha waliokwenda. Mwisho wake, Yusuf akikimbia kuwafuata askari wa Wajerumani, ulinikosesha usingizi.

Hata hivyo, nilipokuwa nikitafuta mambo yangu humo niliona jambo jingine. Yusuf si mpagazi. Wapagazi wapo, wanachoka, wanaugua, wanakufa. Lakini aghalabu hawana majina, na macho ya kitabu huwapita yakimtafuta kijana mzuri.

Ndipo nikarudia *Kuli* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, niliyoisoma zamani kwa ajili ya mtihani na kwa hiyo sikuisoma. Hapa mchukuzi ana jina, ni Rashidi. Ana mama, ana njaa, ana bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Nilimshukuru mwandishi. Kosa langu kwake ni dogo: tangu mapema nilijua nani mwema na nani mbaya, nami nilitamani Rashidi akosee mara moja kwa hiari yake mwenyewe. Babu yake bibi yangu, nadhani, angeweza kuwa hata mkorofi.

Mwezi uliopita binti yangu aliniomba kitabu cha Tippu Tip kwa masomo yake. Nilikuwa nimekwisha kukirudia na kukimaliza. Lugha yake bado naiona nzuri, wala sikuweza kujilazimisha kuiona vinginevyo. Nimempa. Penye habari za Uzaramo nimetia kipande cha karatasi, lakini sikuandika kitu juu yake.