Kipepeo wa Migungani

Sisi akina mama wa Karagwe tumezoea vipepeo wakubwa wa migombani. Huyu mdogo tulimwona kiangazi kilichopita, tulipokwenda Kyerwa kupima uzito wa watoto.

Tulitoka Kayanga alfajiri, tukapita Omurushaka na Nkwenda hadi Kaisho. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012. Ukianza kuteremka kuelekea Murongo na mto Kagera, migomba hupungua, nyasi hukauka na migunga husimama kila upande. Huko ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, iliyotangazwa mwaka 2019, yenye karibu kilomita za mraba 300.

Gari lilichemka, tukashuka. Kwenye tope walitua vipepeo kumi hivi, kila mmoja hazidi ukucha wa kidole gumba. Walipofunua mabawa, wote tukasema, “Ee!” Ni buluu ya doti mpya ya kitenge. Wanaokusanyika hivyo huwa ni madume, wakifyonza chumvi. Majike ni wa kahawia tu.

Ni jamii ya Azanus. Ndugu hawa wanafanana mno. Azoeaye ukame kuliko wengi ni Azanus ubaldus, apatikanaye Afrika, jangwa la Uarabuni hadi India. Jike hutaga kwenye vitumba vya maua ya mgunga, na kiwavi hula humo humo. Sisimizi humlinda, naye huwalipa majimaji matamu. Pasipo mgunga, hana pa kulelea.

Hatua chache mbele palikuwa na magunia ya mkaa. Mwenyewe, mama wa makamo mwenye mjukuu mgongoni, alituambia ni wa mgunga, maana huwaka muda mrefu. Mtoto alikuwa akikohoa. Tulimsihi asimbebe penye moshi wa tanuri, na ampeleke zahanati siku ile ile.

Mmoja wetu akamwuliza kama miti haitakwisha.

“Dada zangu,” akajibu, “mnaoununua si ndio ninyi wa mjini? Nikiacha, ada ya shule nitaitoa wapi?”

Tulikaa kimya. Garini tayari tulikuwa na magunia mawili, tuliyonunua Kaisho kwa kuwa bei ilikuwa nzuri. Tulimwachia nauli ya kwenda zahanati, dereva akaongeza maji, tukaondoka.

Nyumbani gunia moja limekwisha. La pili bado liko nyuma ya jiko, halijafunguliwa.