Imebaki Mitatu

Mdogo wangu anasoma Minnesota. Tangu Wamarekani waliporudisha saa nyuma mwezi Novemba, tunapishana saa tisa: mimi naamka Dar, yeye bado yuko maktaba. Desemba kule jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, na mitihani ya kufunga muhula ndiyo hiyo.

Juzi akaniambia, “Dada, mi narudi nyumbani.”

Mama aliuza kiwanja ili asome. Anajua, ndiyo maana sikukitaja. Nilimuuliza tu kama amekula, na mtihani wa kwanza ni lini. Aliyechoka ukimpa mawaidha unamwongezea mzigo.

Sasa kila alfajiri nampigia, tunahesabu iliyobaki. Jana minne, leo mitatu. Habari ya kurudi tutaizungumza akishalala usingizi wa kutosha.